Okonkwo na Paka

Kidato cha tatu tulikuwa na nakala sita za Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe, darasa la watu sabini. Iliyoniangukia mimi ilikuwa haina jalada wala kurasa za mwanzo. Ilianzia pale Unoka, baba wa mhusika mkuu Okonkwo, anapomcheka mtu aliyekuja kumdai. Nilimpenda Unoka.

Usiku wa kuamkia mtihani nikamgongea jirani yangu wa dabo deka. "Huko mwanzo kuna nini?"

"Okonkwo anapata umaarufu," akajibu, macho kafumba. "Anamwangusha Paka. Paka hajashindwa miaka saba." Akaanza kukoroma.

Kesho yake swali likaja lilelile: eleza kilichompa Okonkwo umaarufu, alama 15. Nikasema moyoni, leo wamenipatia. Nilijaza kurasa mbili kwa Kiingereza changu chote. Nikaeleza jinsi paka yule alivyoitesa Umuofia miaka saba, anakula vifaranga, anapindua vyungu, watu wazima wanamkimbia, mpaka Okonkwo alipomkamata mkia na kumbwaga chini mbele ya umati. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa akisisitiza tutoe maoni yetu, nikamlaumu mwandishi: hajatuambia mwenye paka alilipwa fidia gani.

Siku ya kurudishiwa karatasi mwalimu alibaki na moja mkononi. Akaisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu wa taarifa ya habari. Kwenye mkia akavua miwani. Kwenye fidia akashindwa, akakaa juu ya meza, akajifuta machozi kwa dasta. Uso wote ukawa chaki, na hapo darasa ndipo lilipolipuka.

"Huyo Paka ni mtu, baba," alisema alipopata pumzi. "Amalinze, mpiga mieleka. Walimwita Paka kwa sababu mgongo wake haugusi chini."

Kumbe limeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa! Aliyeuchana sijui alifungia karanga za shilingi ngapi.

Nilipata alama moja, ya kuandika "Okonkwo" bila kukosea. Jina la Paka nikalipata bure.

Jumapili ya wazazi mama akafika getini na kikapu chake, akaniulizia kwa jina langu la ubatizo. Vijana wakatazamana. "Aaa, Paka!" mmoja akakumbuka, akatoka mbio kuniita.

Nilipofika, mama hakunisalimia. Alinitazama juu mpaka chini, akanivuta pembeni nyuma ya mwembe.

"Mwanangu, niambie ukweli. Jikoni kwao umeiba nini?"