Ushanga wa Kimasai Unauzwa kwa Maneno Gani?

Ukipita Soko la Wamasai, Barabara ya Fire pale Arusha, utasikia maelezo yale yale kibanda baada ya kibanda. Nyekundu ni damu na ushujaa. Bluu ni mbingu inayoleta mvua. Nyeupe ni maziwa, kijani ni malisho. Kisha linakuja la mwisho: vyote ni kazi ya mkono, asilimia mia. Mgeni anaitikia kwa kichwa, anapiga picha, na mara nyingi anatoa na fedha.

Sina ugomvi na anayeuza hivyo. Kibanda kikishabanwa na bangili za plastiki zilizoshushwa na kontena, maneno ndiyo ngao iliyobaki. Mama aliyekesha na mkufu mpana wa shingoni hawezi kupambana na mashine kwa bei, kwa hiyo lazima mteja aonyeshwe tofauti ambayo jicho lake halijazoea kuiona. Wala habari za rangi hazikuzuliwa hewani. Mmasai anayejua ataangalia mapambo ya mtu na kukisia ametoka olosho (tawi la Wamasai) gani, ni wa rika lipi, ameolewa au bado.

Ila kinachosema ni mpangilio, si rangi moja moja. Nao hubadilika kutoka olosho hadi olosho, na rika jipya la morani huja na mtindo wake. Kadi ya maana za rangi anayopewa mteja imeigeuza lugha hai kuwa orodha ya maneno sita. Halafu kuna jambo ambalo kadi hailigusi kabisa: shanga zenyewe ni za kioo cha Ulaya, zilizosambaa huku karne ya 19 kwa misafara ya biashara. Kabla ya hapo watu walijipamba kwa mbegu, mifupa, makombe na chuma. Hadi leo shanga nzuri hutoka Jamhuri ya Czech, na za bei nafuu China.

Wauzaji wengi hulikwepa hilo, wakihofia mteja ataona ametapeliwa. Naielewa hofu yao, lakini naona wamekosea mahali pa kusimama. Nani humuuliza fundi cherehani kama kitambaa alikifuma mwenyewe? Hata miongozo ya biashara ya vito nchini Marekani, iliyo mikali kuhusu neno hilo la “kazi ya mkono”, inadai umbo na umaliziaji wote vitoke mkononi mwa fundi, lakini inamruhusu kuanza na bamba au waya wa kiwandani. Wanaolikiuka neno hilo ni wale wanaobandika hereni kwenye ndoano za kununua halafu wanaandika “asilimia mia”. Hao wana la kujibu.

Tena asili ya malighafi ikisemwa waziwazi inaweza kupandisha bei. Mafundi wa Kibera, Nairobi, huyeyusha makufuli na mabomba mabovu ya shaba ya manjano wakapata bangili, na mnunuzi huambiwa hivyo kwa majivuno. Masonara wa Lamu huvisha fedha vigae vya vyombo vya kaure vya kale wakatengeneza pete. (Ingawa kigae kikishapata bei, nani atathibitisha kwamba si cha sahani iliyovunjika juzi?)

Maelezo yanayonikera zaidi ni ya huruma: nunua, umsomeshe mtoto wa mjane. Najua yana upande wake. Vipo vikundi vya akina mama vilivyolipa ada kwa shanga, na kusema hivyo si uongo. Lakini mnunuzi aliyetoa sadaka hakagui fundo, na akirudi kwao hatafuti fundi yule yule tena. Ameshasaidia, basi. Ukiuza shida yako, ustadi wako unakaa nyuma ya pazia.

Mwaka jana kijana mmoja sokoni alinianzia wimbo wa rangi. Nikamkatiza: mbona mistari ya mkufu huu haijapinda? Akacheka, akamwita shangazi yake aliyekuwa nyuma akitunga. Mama akaugeuza mkufu upande wa ndani. Akanionyesha waya unavyopita, na vile vipande vinavyotenganisha mistari, zamani vya ngozi, siku hizi plastiki ya madumu. Kila ushanga mnene au mwembamba kuliko wenzake anautupa, akasema, kwa sababu mmoja tu huvuta mstari mzima. Alihesabu kwa vidole siku alizotumia: nne, ukiondoa za kwenda kisimani.

Nililipa bila kuomba punguzo. Kijana akaufunga mkufu kwenye gazeti, akachomeka ndani kadi ya rangi.