Albamu nanunua, ila lundo la singo silitaki

Msanii akitangaza albamu tu, kwenye makundi ya WhatsApp swali ni lile lile: ya nini kutoa elfu kumi wakati kesho asubuhi nyimbo zote zitakuwa kwenye flashi za bodaboda? Swali ni halali. Majibu ndiyo yanayonichosha, maana mengi ni ya huruma: tumuunge mkono ndugu yetu, muziki ni kazi, wizi ni dhambi. Huruma hununua mara moja. Albamu ya pili ikija, huruma imeshakwenda kumchangia mtu mwingine harusi. Mimi nanunua albamu kwa sababu nyingine kabisa, na zipo albamu nyingi ambazo siwezi kuzitolea hata mia.

Kwanza tuache kudanganyana kwamba zamani kila mtu alinunua albamu, halafu ikaja intaneti ikaziua. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zilizorudi Unguja zilikuwa santuri za dakika chache tu kila upande. Enzi za Mbaraka Mwinshehe na baadaye Les Wanyika, watu walinunua sahani ndogo: upande wa kwanza wimbo unaanza taratibu, ukigeuza unakutana na chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo huo huo. Hiyo ni singo, wimbo unaotolewa peke yake, wala si kitu cha vijana wa leo. Kwa wengi wetu albamu ililetwa na kanda, kwa sababu kanda ilikuwa na pande mbili ndefu na lazima zijae. Ndiyo maana kanda ya taarabu ya kisasa ilizoeleka na nyimbo sita, tatu huku na tatu kule, kila mwimbaji na wake. Bongo Fleva nayo ikafuata: nyimbo mbili tatu umeshazisikia redioni, zilizobaki unazikuta nyumbani.

Hizo za kuzikuta nyumbani ndizo ninazolipia. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, redio zilishiba "Ndiyo Mzee", yule mgombea anayemwaga ahadi zisizo na kichwa wala miguu huku umati ukiitikia. Ukiusikia peke yake kwenye daladala unacheka, unashuka kituoni, basi. Ukiusikia ndani ya kanda yenye jina lile, umezungukwa na nyimbo nyingine za mtu yule yule, kicheko kinapungua makali na unaanza kumsikia vizuri yule anayeitikia. Kazi hiyo hufanywa na mpangilio, na mpangilio ndio kitu cha kwanza kupotea mtu akishapakua wimbo mmoja mmoja.

Sasa linganisha na A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2018. Ndani yake kuna "Marry You", tuliyokuwa nayo tangu mwaka uliotangulia, na "Nana", ambayo ilikuwa imeshachezwa kwenye harusi zetu miaka kadhaa. Sisemi ni nyimbo mbaya, hata kidogo. Nasema ule ni mkusanyo, na mkusanyo naweza kujipangia mwenyewe kwenye simu nikiwa foleni ya Ubungo. Nimewatajia Diamond kwa kuwa ni mkubwa na hataumia. Wengi wanafanya hivyo hivyo: wanaachia ngoma moja moja mwaka mzima, kisha wanazifunga pamoja, wanaongeza utangulizi wa kuongea na kolabo na Mnaijeria, wanaita albamu. Hiyo sinunui, na sioni haya.

Kuna kitu kingine ninachokilipia, nacho hakisemwi sana: majina. Fungua faili lolote ulilopakua bure. Mwanzoni kuna jina la tovuti, halafu jina la msanii lililokosewa, halafu wimbo, halafu "Official Audio". Ukiucheza, kabla ubeti wa kwanza haujaisha sauti nzito inapenya kati ya maneno kukutangazia tovuti ile ile. Prodyuza hayupo. Aliyepiga gitaa hayupo. Aliyeandika mashairi ndiyo kabisa. Kwenye kanda kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara tatu, herufi ndogo za kuumiza macho, lakini ulijua besi kapiga nani na shukrani zimekwenda kwa shangazi yupi.

Na tusifikiri ni jambo dogo. Bendi zetu za dansi zilirekodi Redio Tanzania kwa miaka mingi, kanda zikabaki maktaba ya redio, na mtaani zikafika nakala za nakala. Ile sidii ya Zilipendwa inayouzwa stendi ya mabasi utakuta wimbo wa Vijana Jazz umeandikwa Maquis, na hakuna wa kumwuliza. Waliojitahidi kuziweka sawa ni kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, kwenye mfululizo wake wa Zanzibara. Juzuu ya tano ni muziki wa Dar es Salaam wa 1978 hadi 1983, na ndani kuna kijitabu chenye maelezo ya bendi na wanamuziki, kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtu wa Magomeni aliyezicheza nyimbo hizo zikiwa mpya inabidi aagize Paris ili asome zilipigwa na nani.

Upande wa pesa sina wimbo wa kusifu zamani. Msanii alipeleka masta, ile rekodi ya asili, Kariakoo, msambazaji akamwambia zimetoka nakala kadhaa, na hakuwa na pa kuhesabia. Zikaja stika za COSOTA, wale wa hakimiliki, zikaja stempu za kodi za TRA, na kanda za bandia zikaendelea kupangwa barabarani. Leo kuna Boomplay, programu ya muziki inayokuja ndani ya baadhi ya simu, na Mdundo, iliyoanzia Kenya, inayokupa wimbo bure na tangazo mbele yake. Zote ni halali, zinamlipa msanii kiasi fulani, nami nazitumia. Ila cha bure nacho kina bando lake. Na basi likishaingia mbuga ya Mikumi, mtandao unakata katikati ya kiitikio, wakati albamu iliyo kwenye simu inaendelea kama kawaida.

Njia ninayoipenda ni ile ya vijana wa hip hop wa mtaani: anaweka namba yake, unatuma pesa kwa M-Pesa, unampa barua pepe au WhatsApp, anakutumia mzigo. Hakuna msambazaji wala tovuti ya kupiga kelele katikati ya wimbo. Kasoro yao ni kwamba nao wananitumia nyimbo tupu. Kaka, umeshaandika kila kitu kwenye daftari, nipigie hata picha ya ukurasa!

Wanaojua biashara hii ni kwaya. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye uzinduzi wa albamu kanisani anajua: mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa milioni, wajumbe alioongozana nao wanafuata kwa laki laki, halafu sisi wengine tunapanga foleni mlangoni na elfu kumi zetu. Zamani ilikuwa kanda, ikawa DVD, sasa ni flashi. Mzigo umebadilika mara mbili na foleni ipo pale pale, kwa sababu kwaya haijawahi kuachia nyimbo zote kabla ya uzinduzi. Unakwenda kusikiliza usichokijua.

Kwa hiyo msanii anayetaka elfu kumi yangu asinipigie magoti. Anifichie nyimbo nane, azipange kwa akili, aniandikie nani kapiga nini. Namba ya kulipia aiweke juu kabisa ya tangazo, si chini ya picha kumi na mbili za koti lake jipya.