Urfa haina haja ya sifuri

Ukifika Şanlıurfa, au Urfa kwa ufupi, kusini mashariki mwa Uturuki, sifuri inakupokea kabla ya mwenyeji wako. Imo kwenye mabango, kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye sumaku za kubandika kwenye friji: Göbeklitepe, nukta sifuri ya historia. Kilima hicho chenye nguzo za mawe za kale kiliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, serikali ikautangaza 2019 kuwa Mwaka wa Göbeklitepe, na tangu hapo mji mzima unauza sifuri.

Mimi natoka nchi yenye nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6. Nilipolisoma lile bango nilicheka kimoyomoyo, kisha nikakumbuka jinsi nasi pale Oldupai tunavyomwambia kila mgeni kwamba binadamu alianzia kwetu. Nikanyamaza. Kila mwenye shimo la kale hutaka liwe la kwanza. Ila hii ya Urfa imenikera kwa sababu nyingine: inawaharibia watu safari.

Mgeni anashuka kwenye ndege, anapanda basi moja kwa moja hadi kilimani, kama kilomita 15 hivi nje ya mji. Anazunguka chini ya paa kubwa, anatazama mawe kwa mbali, anapiga picha, ananunua sumaku yake, basi. Jioni yuko Gaziantep anakula baklava. Makumbusho ya Akiolojia ya Urfa, yaliyofunguliwa mwaka 2015, hata mlango wake hakuuona.

Sisemi kilima si kitu. Zile nguzo zenye umbo la herufi T, kubwa zake zikipita mita 5, zilisimamishwa zaidi ya miaka 11,000 iliyopita na watu wasiokuwa na chuma, wala chungu cha udongo, wala mbuzi wa kufuga. Ukitulia, macho yakizoea kivuli cha paa, unagundua kwamba nguzo ni watu. Ile wanayoiita Nguzo 18 ina mikono iliyoteremka ubavuni, vidole vinakaribia kukutana tumboni, chini yake mkanda, na kwenye mkanda inaning'inia ngozi ya mbweha. Uso hauna. Nyuma yangu watu walikuwa wakisukumana wapate nafasi ya kupiga picha, na kijana aliyekuwa akituongoza alikuwa keshafika kwenye sifuri ya nne au ya tano.

Hakutuambia kwamba wataalamu kutoka Istanbul na Chicago walipita hapahapa mwaka 1963, wakaona mawe yaliyochongwa, wakadhani ni ya makaburi ya zama za karibu zaidi, wakaenda zao. Mjerumani Klaus Schmidt ndiye aliyefika mwaka 1994 akajua anachokitazama, na mwaka uliofuata uchimbaji ukaanza. Alijuaje? Alikwishafanya kazi Nevalı Çori, kijiji cha kale katika mkoa huohuo, na huko nguzo za T zilikuwa zimeshaonekana. Leo huwezi kwenda Nevalı Çori. Imelala chini ya maji ya bwawa la Atatürk tangu mwaka 1992.

Yaani sifuri ilikuwa na ndugu, na ndugu huyo amezamishwa. Bila yeye pengine tungekuwa bado tunapita juu ya kilima tukidhani ni makaburi. Yeye hana bango wala kikombe. Alichopata ni nafasi ndani ya makumbusho, ambako jengo lake la ibada limepangwa upya. Nilikaa ndani yake karibu nusu saa na hakuingia mtu, isipokuwa mlinzi aliyekuja kuhakikisha kama mimi ni mzima.

Na hadithi yenyewe imebadilika. Schmidt, aliyefariki mwaka 2014, aliamini watu walikuja kilimani kuabudu tu, hakuna aliyeishi pale. Baadaye zikaonekana nyumba, mawe ya kusagia nafaka kwa wingi, na namna ya kukusanya maji ya mvua. Kisha kuna Karahantepe, inayochimbwa tangu mwaka 2019, ambako mwaka 2023 ilitolewa sanamu ya mwanamume aliyeketi, yenye kimo cha mita 2.3. Vipo na vilima vingine, na Waturuki wameviweka vyote chini ya jina moja, Taş Tepeler, vilima vya mawe. Sifuri gani hii yenye majirani wengi hivi?

Ningekuwa na uwezo, kila mgeni angeanzia mle makumbusho, kwa yule wanayemwita Mtu wa Urfa. Ni sanamu ya jiwe la chokaa, urefu wake kama mita 1.8, mtu mzima kabisa kwa kimo, na wanaiita sanamu ya kale kuliko zote tunazozijua za binadamu wa kimo chake halisi. Shingoni ana mistari miwili iliyokutana kama kola ya kanzu. Mikono imeshikana mbele, chini ya tumbo. Macho ni vipande vya obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, na ukisogea hatua moja mng'ao nao unasogea, unahisi amekugeukia. Mdomo hakuchongewa. Nilijikuta nimeshusha sauti, na wala sikuwa nikiongea na mtu.

Huyu hakutoka kilimani. Aliibuka mwaka 1993 katikati ya mji, watu wakijenga, karibu na Balıklıgöl, bwawa la samaki watakatifu.

Bwawa hilo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka makumbusho, na kisa chake mtoto yeyote wa chuo cha Kurani wa Unguja au Lamu atakusimulia usiku wa manane: Namrudi anamtupa Nabii Ibrahim motoni, moto unaamriwa uwe baridi na salama. Watu wa Urfa wanaongezea la kwao, kwamba moto uligeuka maji na kuni zikawa samaki. Wapo wanaosema Ibrahim alizaliwa Uru, Iraki. Jaribu kuwaambia hivyo pale kando ya bwawa.

Nilinunua kisahani cha chakula cha samaki kwa mzee mmoja. Nikarusha punje chache, maji yakachafuka kwa migongo na midomo, samaki wanene wasioliwa na mtu, kwani inasemwa atakayewala atapofuka. Bibi aliyekaa pembeni yangu alinionyesha kwa mkono nirushe mbali zaidi, wadogo nao wapate. Nikarusha mbali.

Ukipita mlangoni mwa makumbusho kabla hawajafunga, msalimie yule asiye na mdomo. Zamani alikuwa jirani wa samaki hawa.