Mshumaa mfupi, mshumaa mrefu

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la sita katika kartie yetu hapa Goma. Mtafiti kijana alikuja kueleza gesi za volkano, pamoja na ile inayoua ambayo hapa tunaiita mazuku. Dakika ishirini alisoma maandishi ya kompyuta yake kwa Kifaransa, na watoto wakanyamaza kama wako kanisani. Niliumia. Hawa ni watoto wanaocheza kila siku juu ya mawe meusi ya lava ya 2002!

Kisha msichana mmoja akainua mkono: "Papa, juu ya nini mazuku inaua mbuzi na inaacha mchungaji?"

Kijana akakosa neno. Akafunga kompyuta, akaomba beseni na mishumaa miwili. Mwalimu akatuma mtoto dukani kuleta siki na bikarbonati. Vilipochanganywa vikatoa povu, na ile hewa nzito isiyoonekana ikajaa beseni kutoka chini, kama maji. Mshumaa mfupi ukazimika. Mrefu ukaendelea kuwaka. Darasa zima likapiga kelele, "Mbuzi amekufa!"

Tunasema watafiti wanakwenda shuleni kusaidia watoto. Siku ile aliyefundishwa ni mtafiti, na mimi nasema kazi yake haijakamilika mpaka apite hapo. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka, na lava yake ikaja kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, eti magma, mawe yaliyoyeyuka, iko chini ya mji na chini ya ziwa Kivu. Tulifunga magodoro tukaelekea Sake, na njia nzima watu walikuwa wanaulizana kama ziwa litalipuka. Gesi ile ile ya beseni imelala chini ya maji ya Kivu, kilomita za ujazo zipatazo 300, na ni wangapi kati yetu walikuwa wameelezwa inakaaje huko kabla ya usiku wa hofu? Mtu aliyezoea kujibu mtoto wa miaka kumi na moja angejua pa kuanzia.

Najua pesa ni kidogo na kazi ni nyingi. Sawa. Lakini beseni halihitaji mfadhili. Vyuo vyetu vimtake kila mwanafunzi wa jiolojia afundishe shule mbili kabla ya kutetea memwari yake ya kumaliza masomo, kwa Kiswahili, bila kompyuta.

Wakati wa kutoka, yule msichana alimfuata mtafiti uani. Mdogo wake analala chini, kitanda hawana. Kijana akachuchumaa mbele yake, akamuuliza nyumba yao iko wapi.