Mjomba Ananunua Ovaloki

Nilitoa ahadi nikiwa nimeshiba. Ningependa jambo hili lifahamike mapema, kwa sababu mtu mwenye njaa huyapima maneno yake, lakini mimi siku ile nilikuwa nimekwisha kula sahani mbili za pilau ya dada yangu, pamoja na kachumbari, tukisherehekea binti yake kupata cheti cha ushonaji, ndipo nikasimama mbele ya ukoo mzima na kutangaza kwamba mjomba atamnunulia ovaloki. Vigelegele vilipigwa. Hakuna aliyeniuliza kama ninaijua ovaloki, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilichokuwa nimeona ni kwamba mafundi wa mtaani kwetu Tabata wakimaliza kushona gauni hulipeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine inayolia kama nyuki waliochokozwa, naye hulizungusha kidogo, hupokea hela yake, na gauni hurudi likiwa na mshono ule wa pembeni unaofanana na msuko, unaozuia nyuzi za kitambaa zisichomoke. Nilidhani ni kidude kinachofungwa kwenye cherehani, na bei yake nikaikadiria kwa kipimo cha kidude.

Mpwa wangu hana kosa lolote. Alinifuata kando akaniambia, "Shikamoo mjomba, ahsante sana, ila usijitese. Hata iliyotumika inatosha." Neno "iliyotumika" nililipokea kama mfungwa aliyepunguziwa kifungo. Kesho yake nilikwenda Kariakoo, nikaanzia kwenye duka la mashine mpya kwa ajili ya heshima tu, nikauliza bei, nikatajiwa, nikamuuliza muuzaji hali ya familia yake, kisha nikaondoka polepole ili nisionekane ninakimbia.

Nilichojifunza kwenye mashine zilizotumika ni kwamba zote zina historia moja. Kila muuzaji alinihakikishia, kwa macho makavu kabisa, kwamba ovaloki yake imetoka Japani, na kwamba ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima aliyeitumia mara moja kwa mwaka kushonea mapazia. Nilipofika kwenye kibanda cha saba nilianza kumhurumia mama huyo, kwa maana kwa hesabu ya mashine nilizoonyeshwa, nyumba yake lazima ina madirisha mengi kuliko majengo yote ya Posta. Mashine moja ilikuwa nzito, nyeusi, imeliwa na kutu mpaka jina lake limefutika, nami ninajua kwamba ufundi huu wa kufunga ukingo wa kitambaa kwa nyuzi ulianzia kwenye kiwanda cha Merrow, kule Connecticut nchini Marekani, katika karne ya 19, na kwamba zile ndogo za nyumbani zilitengenezwa Japani katika miaka ya 1960. Nilimweleza muuzaji kwamba hii yake huenda ilishuhudia mambo yote mawili. Akanijibu kuwa chuma cha zamani ndicho chuma.

Halafu kuna suala la umeme, ambalo ningeomba anayehusika alieleze kwa sauti kubwa zaidi. Umeme wa Japani ni volti 100. Wa kwetu ni volti 230. Hili halikuhitaji cheti, kwa sababu kila mashine ina kibati kidogo ubavuni au chini ya tumbo lake kilichoandikwa volti zake, na mimi, baada ya kuvaa miwani na kuigeuza mashine kama mtu anayekagua mbuzi wa kafara, nilikisoma kibati hicho na kumwonyesha muuzaji. "Mzee, hiyo ni namba ya kiwandani tu," akasema, na kabla sijamzuia akaichomeka ukutani. Ilikwenda kwa kasi ya ajabu na kwa furaha isiyo ya kawaida, kwa muda wa kutosha kusema bismillahi, kisha ikanyamaza, na harufu ikaja. Muuzaji akaifuta kwa kitambaa na kusema imechoka na joto la Dar es Salaam. Kwa hiyo anayenunua mashine ya volti 100 ajue kwamba ananunua na transfoma ya kushushia umeme, yaani zawadi inakuwa mbili na nauli inakuwa ya mtu mwenye mzigo. Na asisahau kuulizia pedali. Mimi nilioneshwa mashine nzuri isiyo na pedali, nikaambiwa pedali iko kwa jirani, na jirani aliiuza peke yake, tena kwa bei ya mtu anayejua kwamba umekwisha kuipenda mashine.

Nilipochoka nilimwendea fundi jirani yangu aniongoze. Kosa jingine. Fundi mzoefu akimchagulia mashine mwanafunzi hujichagulia mwenyewe, na huyu alinivuta moja kwa moja hadi kwenye ovaloki ya kiwandani, ile inayokaa juu ya meza yake yenyewe, yenye mota chini na mafuta tumboni, akaniambia kwa unyenyekevu wa mtu aliye msikitini kwamba mashine hiyo hupiga mishono zaidi ya 5,000 kwa dakika. Nikamuuliza mwanafunzi wa jana atafanya nini na mishono 5,000 kwa dakika. Akasema atazoea. Atazoea nini, wakati ovaloki ina kisu? Ile ya nyumbani huenda mishono kama 1,300 hivi kwa dakika, na hata hiyo, kama nitakavyoeleza kwa uchungu, inatosha kabisa kumdhalilisha mtu.

Isitoshe, mpwa wangu anaishi na mama yake Mbagala, katika nyumba ya wapangaji sita wanaochangia mita moja ya umeme ya LUKU, mahali ambapo mtu akipiga pasi suruali moja kikao kinaitishwa. Mashine za kiwandani za zamani zina mota ambayo ukishaiwasha inazunguka na kuunguruma muda wote, hata wakati fundi anakunywa chai, tofauti na mota za kisasa za servo ambazo huzunguka unapokanyaga tu. Niliona waziwazi kwamba zawadi yangu ingemhamisha dada yangu. Fundi alinitazama kwa masikitiko, akapokea hela ya soda, na kabla ya kuondoka akanipa ushauri pekee wa maana niliopata katika wiki nzima: nichague yenye nyuzi nne inayoweza pia kupiga kwa nyuzi tatu, niende na vitambaa vyangu mwenyewe, yaani kipande cha fulana, cha kitenge na cha shifoni, na nisikubali kuonyeshwa kwa kitambaa cha muuzaji, kwa sababu kitambaa cha muuzaji kimekwisha kula kiapo.

Basi Jumamosi nilikwenda, nimevaa shati langu la bluu la kwenda nalo kwenye harusi, nimeliachia nje ya suruali kwa ajili ya joto. Nilipata mashine ndogo nyeupe, ya nyumbani, ina pedali yake, ina kibano chake, na muuzaji alikuwa ameitungia nyuzi za rangi nne tofauti, nyekundu, njano, kijani na nyeusi, jambo ambalo nilidhani ni mapambo kumbe ni hekima, kwa kuwa mshono ukilegea unajua mara moja ni uzi upi wenye matatizo na ni kitasa kipi cha kukaza. Nikaweka kipande cha fulana. Kikatoka kina mawimbi kama bahari ya Feri wakati wa kusi. Nikataka kuondoka, lakini muuzaji akazungusha kitasa cha pembeni, kile kinachofanya meno ya mbele yalishe kitambaa haraka kuliko meno ya nyuma, na kipande cha pili kikatoka kimelala kama kimepigwa pasi. Hapo niliamini. Mashine isiyo na kitasa hicho msimpe anayeanza, kwani atadhani mikono yake ndiyo mibaya, kumbe fulana ndiyo imevutwa.

Nikaweka kitenge, nikainama kuangalia visu. Visu ni viwili, kimoja kimetulia na kingine kinapanda na kushuka, na kazi yao ni kukata ukingo wa kitambaa nukta moja kabla sindano hazijafika. Nilitaka kuona kama vinakata safi au vinatafuna. Niliona. Wakati nimeinama, pindo la shati langu lilikuwa limeinama pamoja nami, likajilaza mezani mbele ya mguu wa mashine, na mguu wangu wa nyama, kwa shauku ya kitaalamu, ukakanyaga pedali.

Ndugu zangu, cherehani ya kawaida ina huruma. Ukikosea, unasimama, unafumua, unalaani kidogo, unaanza upya. Ovaloki haina tabia hiyo. Ukikosea, kosa lako limekwisha kukatwa, kushonwa na kupambwa kabla hujasema "hee". Nilipoinuka, shati langu lilikuwa limepungua upande wa kushoto, mshazari, kiasi cha kiganja kizima, na ukingo wake umemalizwa vizuri sana kwa rangi nne. Kipande kilichokatwa kilikuwa sakafuni. Vijana wa vibanda vya jirani walikuja kutazama. Muuzaji hakucheka, namsifu kwa hilo, alinyanyua pindo langu mbele ya wateja wawili waliokuwa wakipita na kusema, "Mmeona inavyokata?" Na mimi, badala ya kupata punguzo, nilijikuta nimekuwa tangazo. Niliomba bei ishuke kwa sababu ya shati. Alisema shati ndilo ushahidi kwamba bei ni halali. Nilichomekea shati ndani ya suruali na kulipa.

"Mzee," akaniambia wakati ananifungia, "usikate nyuzi hizi. Ukitaka kubadilisha, unakata hapa juu kwenye koni, unafunga uzi mpya kwenye wa zamani kwa fundo dogo, unavuta taratibu, unapita wenyewe mpaka chini. Ukizing'oa zote, hapo tutaonana." Niliyashika maneno hayo kama wasia. Nilinunua koni nne za uzi mweupe, nikapanda daladala ya Tabata nikiwa nimepakata mashine na transfoma, nyuzi nne za rangi zikiwa bado zimetungwa, na kila dereva alipokanyaga breki nilikumbatia mzigo ule kwa namna ambayo sijawahi kuwakumbatia wanangu. Konda alinidai nauli ya watu wawili. Nililipa, ili nisiinue mkono kubishana.

Nilifika salama. Nikaiweka mezani, nikaenda kuoga. Nilipotoka, mke wangu, ambaye usafi wake umeniumiza mara nyingi katika ndoa hii, alikuwa amekwisha kuifuta vumbi, ameipangusa mafuta, na kwa mkasi wa jikoni alikuwa amekata na kuvuta nje "hayo manyuzi machafu ya watu," akayatupa, na mashine yote ameifunika kwa khanga mpya. Alitegemea shukrani. Nilikaa.

Tangu saa mbili usiku mpaka saa sita nilikuwa nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, nimeshika kibano, natunga uzi kwenye lupa ya chini. Lupa, kwa asiyejua, ni mikono miwili ya chuma iliyojipinda ambayo hufanya kazi ya bobini, kwa kuwa ovaloki haina bobini. Ya juu inaonekana. Ya chini imewekwa na mtu asiyetupenda. Ndani ya mlango wa mbele kuna mchoro wenye njia nne za rangi nne na maelezo ya Kijapani, nami nilifuata rangi kwa uaminifu, lakini nilianza na sindano kwa sababu sindano nilikuwa nazifahamu, na kila nilipokanyaga pedali uzi wa lupa ya chini ulikatika. Nikautunga upya. Ukakatika. Nikautunga tena mara tano, na mara ya sita umeme wa LUKU ndio uliokatika, na sikuwa na ugomvi nao.

Mpwa wangu alikuja Jumapili na mama yake. Alifunua khanga, akapiga kelele ya furaha, akanipigia goti, kisha akafungua mlango wa mbele, akatazama kazi yangu ya usiku, akang'oa kila kitu bila kusema neno. Akatunga lupa ya juu, kisha lupa ya chini, kisha sindano za mwisho, na wakati anafanya hivyo alimweleza mama yake kwa upole, bila kunitazama, kwamba sindano zikitangulia, uzi wake unazuia uzi wa lupa ya chini na kuukata, kwa hiyo huo ukikatika katikati ya kazi unatoa kwanza nyuzi za sindano, unautunga, ndipo unarudisha sindano. Alitumia muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, nacho kilikuwa changu.

"Naomba kitambaa cha kujaribia," akasema.

Mke wangu akainuka, akaingia chumbani, akarudi na shati langu la bluu. "Tumia hili," akasema, "nimelikuta chini ya godoro."

Mpwa wangu alilitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye ule ukingo wa rangi nne, akaugeuza upande wa ndani kama walivyofundishwa chuoni. "Mjomba, nani alikupigia hapa? Tensheni yake ni nzuri sana, ila mbona amekwenda mshazari?"

Mke wangu alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni, ananitazama mimi na si shati. Nikamwambia mpwa wangu aanze kushona, tena akanyage kwa nguvu kidogo, ili sauti ya mashine ipande.