Nani alipima kabla ya kusema injini imekufa?

Jumanne iliyopita nilipita kwenye yadi ya vyuma chakavu hapa Morogoro nikakuta vijana wanaikata Land Rover 109 kwa gesi. Bodi ilishang'olewa, chasisi iko vipande viwili, na injini imelazwa chini pembeni ikiwa bado na pampu yake na mabomba yake manne ya dizeli. Mwenye gari alikuwepo, amekaa juu ya tairi anasubiri mzani. Nikamsalimia, nikamuuliza gari lilikuwa na shida gani.

"Injini imekufa."

Nani kasema? "Fundi." Alipima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa? Akanitazama, akawa kama anatafuta neno. "Alipiga stata mara mbili tatu, akasikiliza, akasema imekufa."

Niliondoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Gari limelisha familia miaka yote hiyo, limepitishiwa hukumu kwa stata tatu, sasa linauzwa kwa kilo. Na hasira yangu inazidi kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe niliponea chupuchupu kufanya vilevile.

Mwezi wa nane nilinunua pikapu, Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, namba A, kwa Sh 3,800,000. Ilikuwa Dumila, imesimama chini ya mwembe miaka sita. Kuku walikuwa wanatagia nyuma ya kiti cha dereva. Aliyeniuzia ni mama mmoja mjane wa bwana shamba, na kabla hatujaongea bei nilimwomba kadi. Jina lilikuwa la marehemu, lakini mama alishapitia Mahakama ya Mwanzo na alikuwa na karatasi ya usimamizi wa mirathi mkononi. Bila karatasi ile ningerudi nyumbani, hata kama gari lingekuwa linanguruma. Wanaouliza kuhusu malimbikizo ya ada ya mwaka: tangu 2017 ada ile ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililolala halikusanyi deni kama zamani.

Nikalivuta hadi gereji moja ya mjini. Mkuu wa pale akaunganisha waya kutoka betri ya gari lingine, akapiga stata sekunde kumi, akapumzika, akapiga tena. Akafuta mikono. "Hii imekufa, bosi. Ninayo ya petroli ya mtumba, Sh 4,500,000 pamoja na kufunga. Wiki moja unaondoka nalo." Hakufungua hata mfuniko wa rejeta. Hakuchomoa kijiti cha oili. Nami, na hili linaniuma kulisema, nilianza kuhesabu nitazitoa wapi hizo milioni nne na nusu.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, dereva wa Fuso, aliyeniambia nisimlipe mtu yeyote kabla ya kumwona mzee fulani anayetengeneza pampu za dizeli. Nikaenda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Enhe, lilizima lenyewe au lilizimwa?"

Sikuwa na jibu. Akanirudisha kwenye simu: "Muulize aliyekuuzia." Nikampigia mama wa Dumila. Akasimulia kwamba mumewe alirudi shambani nalo jioni, akalipaki, akazima kwa ufunguo kama siku zote. Wiki ile ile akaugua, na hakulipanda tena. Nilipomwambia fundi, alitikisa kichwa kwa kukubali, akachukua mkoba wake. Injini iliyozimwa ikiwa nzima, alisema, haifii usingizini. Vinavyoharibika ni vilivyoizunguka: mafuta kwenye tenki, mipira, betri, na vitu vya raba.

Nataka niieleze siku ile kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuona upimaji ukifanyika.

Alianza na kijiti cha oili. Akapangusa tone kwenye kidole gumba na cha shahada, akasugua taratibu, akanusa. Anatafuta dizeli iliyoingia kwenye oili, anatafuta maji. Akafungua rejeta, akaangalia kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Halafu akaingia mbele ya injini na spana ndefu, akaikamata boliti ya puli ya krenki na kuizungusha kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, kichwa amekiinamisha. Inazunguka. Haijakamata.

Kisha akaniuliza kama taa ya T-BELT imewahi kuwaka kwenye dashibodi. Kwenye hizi Hilux za dizeli taa hiyo huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa taimingi. Akafungua kava, akaukunja mkanda kwa vidole: nyufa kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Hapo nilimwona amekasirika kwa mara ya kwanza. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, pistoni zinakutana na valvu, na hapo ndipo injini inakufa kweli. Yule bwana wa kwanza alipiga stata juu ya mkanda wa namna ile. Angeiua injini nzima kwa kuthibitisha kwamba imekufa.

Mkanda mpya na tenshena yake ukafungwa kabla ya jambo lingine lolote. Ndipo akatoa hita zote nne, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, akafunga geji kwenye tundu la kwanza, dogo wake akapiga stata. Ikasoma 390, kwa kipimo cha psi. La pili 380. La tatu 395. La nne 350. Chini ya 300, aliniambia, ndipo angeanza kuwa na wasiwasi. Dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa sababu hewa imebanwa zaidi ya mara 20 hadi ikapata moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Kama kubana kupo, kilichobaki ni kuipelekea mafuta safi kwa wakati wake. Akageuza swichi huku kidole kimekaa juu ya pampu, pale penye kile kidude cha umeme kinachofungua njia ya dizeli. Tik. Kinafanya kazi.

Tenki hakuligusa kwanza. Alining'iniza dumu la lita tano kwenye boneti, akateremsha mpira mweupe unaoonyesha ndani mpaka kwenye chujio jipya, akapampu kwa mkono. Tuliona mapovu yanapita kwenye mpira kama shanga, yakapungua, yakakoma. Akalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zinazonyunyizia dizeli, moja baada ya nyingine, dogo akipiga stata, hadi kila moja ikatema dizeli bila upepo. Akakaza. Akawasha hita. Stata.

Ilishika silinda moja, gari zima likatikisika. Ikaja ya pili. Moshi mweupe ukajaa uwanjani, watoto wakakimbia. Ya tatu. Kama dakika nzima imekaa hapo, inachechemea, na fundi hakushika kitu, amesimama tu na mkono mmoja juu ya boneti. Halafu ya nne ikaingia, mlio ukanyooka, moshi ukakata.

Tatizo lililobaki lilikuwa mpira uliopasuka kati ya tenki na chujio, wa Sh 8,000, na tenki lenyewe, ambalo tulipolishusha lilikuwa na uji mweusi unaonata. Maji yakikaa na dizeli muda mrefu, vijidudu huota humo. Nozeli nne zikapimwa, mbili zikabadilishwa. Betri mpya. Raba za breki, maji ya rejeta, oili. Jumla ya kulifufua, ukiacha bei ya kununua, ni Sh 1,640,000.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku ile nilimuuliza fundi upimaji peke yake ni shilingi ngapi. Alishangaa. Akasema watu hawalipii hiyo, nimpe tu ya soda halafu atakula kwenye kazi. Nimelifikiria jibu lile mwaka mzima. Sisi tunalipia vyuma na kufungua nati. Akili ya fundi hatuilipii. Fundi anayekaa saa tatu na geji, akakuambia gari lako ni zima, kanunue mpira wa elfu nane, anaondoka na elfu tano na asante. Fundi anayesema injini imekufa anaondoka na pesa ya kufunga, na cha juu kwenye injini ya mtumba, na injini yako ya zamani anaibakiza. Halafu tunalalamika kwamba mafundi ni waongo. Tumewawekea mshahara wa uongo, na yule mkweli tumemwachia njaa.

Tukienda hospitali tunalipa kumwona daktari, tunalipa maabara, na majibu yakija kwamba hatuna malaria haturudi dirishani kudai hela yetu. Tunashukuru Mungu. Kwa nini gari la milioni tunataka lipimwe bure? Na kwa nini majibu mazuri tunayaona ni hasara? Nimewauliza swali hili watu wenye magari, wenye elimu zao, wanaobishana na fundi juu ya elfu ishirini ya kupima na kesho yake wanahamisha milioni nne kwa simu kununua injini ambayo nayo hakuna aliyeipima.

Na ujuzi huu unaondoka. Mzee yule ana mtu mmoja tu wa kumrithisha, yule dogo, na dogo aliniambia anafikiria kununua bodaboda kwa sababu kwenye pampu hakuna hela. Anajua kusikia silinda ya nne inapoingia. Akiondoka, hizi 3L, hizi Canter, hizi Land Rover zilizobaki vijijini zikibeba mahindi na wagonjwa, nani atazifungulia njia ya mafuta?

Najua mtakachosema. Dizeli ya zamani inatoa moshi. Kweli, na anayeishi kando ya barabara ana haki ya kulalamika. Ndiyo maana nozeli zipimwe. Haina mifuko ya hewa ya kulinda abiria ajali ikitokea. Haina. Kenya hawaingizi gari lililozidi miaka 8, na kwetu la zamani linaongezewa ushuru wa uchakavu; sina ugomvi na hayo, mimi nazungumzia lililo tayari nchini, lenye namba yetu. Na si kila gari linafufuka. Likiwa lilichemka likaendelea kuendeshwa, tahadhari sana, maana hedi, yaani vichwa vya injini, za familia hii ya L ambamo 3L imo, haziwezi joto, zinapasuka. Chasisi ikiwa imeliwa na kutu, usinunue hata kwa bei ya bure. Ila hayo nayo yanajulikana kwa kupima.

Jambo jingine kwa walionunua za namna hii: pampu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Wakati ule wa uchakachuaji wa mafuta, kabla serikali haijapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili bei isiwape watu tamaa, pampu nyingi zilikufa kwa kuchanganyiwa mafuta ya taa. Jaza kwenye kituo unachokiamini, na kila mwezi fungua bomba la chini ya chujio utoe maji. Ni dakika tano.

Hilux yangu imeshakwenda kilomita 11,000 tangu siku ile. Fundi aliandika kwa rangi nyeupe juu ya kava la taimingi tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda, kwa herufi kubwa, ili hata nikiuza atakayefuata ajue. Na nilimlipa upimaji. Elfu sitini, kwenye bahasha, peke yake, kabla ya hesabu ya kazi nyingine. Alizikataa mara mbili.

Jirani yangu ana Canter iliyosimama tangu Pasaka, na wanunuzi wa vyuma wameshafika kwake mara mbili. Jumamosi namleta mzee. Nimemwambia jirani aandae elfu sitini kabla spana haijashikwa, na kwamba fundi akisema ni mpira tu, elfu sitini ni zake vilevile. Ameguna, lakini amekubali.