Bibi kanywa paswedi

Bibi yangu kanywa paswedi. Sio fumbo na wala sitanii, kaitia kwenye bakuli kaimiminia marashi ya mawaridi kaikoroga kwa kidole akainywa mpaka tone la mwisho, tena kwa bismillahi, na kesho yake akatwambia mguu umepoa.

Khalti yangu anapika halua hapa Wete, na asiyewahi kula halua ya Wete namuombea tu. Siku hizi oda zake karibu zote zinapita kwenye peji, watu wa Unguja, wa Dar, mpaka Muscat huko wanauliza bei. Paswedi yake ya zamani ilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza na 1964. Na naweka dau yuko na wenzake wengi tu, jina la mtoto na mwaka wa Mapinduzi, yani mwizi hana haja hata ya kompyuta, ahudhurie arubaini ya mtoto tu keshamaliza kazi.

Sasa kuna jirani yetu anauza mashela, peji yake ikaingiliwa, watu wanaamka asubuhi peji ya mashela inauza aifoni kwa bei ya pweza na wapo waliotuma pesa wallahi. Khalti akaogopa akaniita. Mie ndo fundi wa familia, sifa yangu kubwa ni kwamba n'na laptopu.

Nkamkuta keshapewa ushauri na mtu mwengine, kaambiwa aweke herufi kubwa, namba, alama ya mshangao, na abadilishe kila miezi mitatu. Nkamwambia Khalti hayo yameshapitwa, aliyeyaandika mwenyewe keshayajutia, mzee mmoja wa Marekani anaitwa Bill Burr, mwaka 2003 alikuwa taasisi ya viwango ya serikali yao (NIST) ndo akatoa mwongozo ule, dunia nzima ikamfuata, halafu 2017 akiwa mstaafu akaliambia gazeti la Wall Street Journal kuwa mengi katika yale anayajutia. Maana watu walikuwa wakilazimishwa kubadilisha wanaongeza moja mwishoni, wakilazimishwa tena wanaweka mbili. Mwaka huohuo na hao NIST wakageuza, cha maana urefu.

"Basi niweke haraka haraka haina baraka. Si ndefu?"

Ndefu, lakini wezi wana programu zinazojaribu mamilioni kwa mamilioni, na zinaanza na vitu watu wanavyovijua, methali, mistari ya nyimbo, majina ya timu. Inatakiwa maneno yasiyojuana kabisa, na usiyachague wewe. Wenzetu huko wanarusha dadu, dadu tano zinakupa neno moja katika orodha ya maneno 7,776, ukipata maneno manne mwizi ana michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600 ya kuhangaika nayo. Dadu hatuna, ludo la watoto limebaki ubao tu, basi nkachukua kamusi nkamwambia fumba macho, fungua, weka kidole. Kidole kikatoa: kandili, papa, shemeji, mbatata. (Nayataja kwa sababu hayatumiki tena, mtaona kwa nini.)

Khalti akayatazama.

"Shemeji kafanya nini na papa?"

"Hajafanya kitu Khalti, ni maneno tu."

"Na mbatata za nini? Wanampika?"

Akakataa katakata kushika kitu kisicho na kisa. Akataka kukiandika ukutani pale jikoni juu ya jiko, nkamwambia uliza Hawaii, visiwa kama sie, Januari 2018 walitumiwa meseji jimbo zima kuwa kombora linakuja kumbe hakuna kitu, watu katika kuchimbachimba wakaibuka na picha ya mwaka wa nyuma yake ya ofisini kwa hao hao wa tahadhari, mfanyakazi kasimama na paswedi imebandikwa kwenye skrini nyuma yake. Na Khalti kila siku anapiga picha za halua hapo jikoni anazirusha. Ukuta hapana. Karatasi ndani ya kabati sawa, mie sioni ubaya, mwizi wa mtandao aliko huko hawezi kuja kufungua kabati la Wete, na akija atamkuta Bibi.

Hapo ndo Khalti akanizidi akili. Akasema ataandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili lakini herufi za chuoni, hata vijana wakiiona wasiisome. Nkaona huyu mama angezaliwa kwengine angeajiriwa jeshini. Kalamu imekauka, akachukua kijiti cha meno akachovya kwenye kikombe cha zafarani yake ya halua akaandika taratibu, maneno manne, ya manjano, mazuri hasa, akaikunja karatasi mara nne akaiweka kabatini juu, pamoja na misahafu.

Kwa msiotoka huku niwaeleze. Kombe linaandikwa kwa zafarani. Kwa herufi za Kiarabu. Linaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Na Bibi mguu unamsumbua tokea mvua za masika. Nambie sasa wewe ungekuwa Bibi.

Hatukujua lolote mpaka kumi la mwisho la Ramadhani. Khalti anakoroga halua huku simu kaibana kwa bega anaongea na mteja, mwiko mikono miwili kwa sababu halua ikishaanza kushika huwezi kuuachia, simu ikateleza ikaingia sufuriani. Nimekuwepo, nimeona. Haikuzama kwa haraka, ilikuwa inakwenda pole pole na mteja bado yumo ndani "haloo? haloo?" mpaka akanyamaza. Tukanunua simu nyengine, tukafungua peji, inataka paswedi. Khalti akenda kabatini kwa madaha yote. Karatasi hakuna.

"Mama, kulikuwa na karatasi hapa?"

"Ile kombe? Nshakunywa. Alhamisi ile."

Khalti akakaa chini. Nkamuuliza Bibi labda aliisoma kabla.

"Kombe halisomwi mwanangu, hunywewa." Halafu akafikiri. "Nliona kama papa. Nkasema sheikh huyu kombe lake la kisasa."

Tukabaki na papa. Shemeji tukamkumbuka kwa sababu ya kile kisa, mbatata Khalti anaapa ni muhogo, neno la kwanza limetoka kabisa mie nasema taa yeye anasema fanusi, tukajaribu tukajaribu mpaka peji ikatwambia tupumzike. Oda za sikukuu zimo humo zote.

Njia iliyobaki ni kutumiwa tarakimu sita kwenye namba ya simu iliyosajiliwa. Siku ile ya kamusi nilimuuliza Khalti namba iliyomo ni yako, akajibu "ya hapa hapa nyumbani." Skrini ikaandika imetumwa kwenye namba inayoishia 47. Khalti akaitazama ile 47 rangi ikambadilika. Ya mtalaka wake. Yeye ndo aliyeifungua peji enzi zile, kwa laini yake, na sasa yuko Mwanakwerekwe na mke mwengine.

Nkapiga mie. Shikamoo, marahaba, nkamueleza, mzee wa watu hana tabu, anasema ngoja nitazame meseji. Khalti kwa nyuma: "Mwambie asome namba tu, maneno mengine asinambie." Akasikia. "Nani huyo anayesema maneno mengi?" Spika iko wazi. Dakika ile ile tukahama kutoka peji tukafika kwenye cherehani, nani alilinunua, nani alilichukua usiku, na kwa ruhusa ya nani, mie napiga kelele tarakimu jamani tarakimu, na Bibi ukumbini anauliza kama ni mkwewe huyo amsalimie. Zile tarakimu zina dakika zake, zilipokuja kusomwa zimeshakufa. Tukaomba nyengine. Safari hii nkatoka nje na simu nkafunga mlango, akasoma sita kama zilivyo, nkaingia.

Kazi ya kwanza nkabadilisha namba ya simu, ya pili nkabadilisha paswedi, maneno mapya, Khalti kaandika kwa bik ya buluu kwenye jalada la daftari la madeni. Bado nipo kwenye mipangilio ikaingia meseji ndani ya peji, kutoka Mwanakwerekwe: anataka halua kilo mbili kwa boti ya kesho, na kwa msaada alioutoa leo apunguziwe.

Khalti akaninyang'anya simu akajibu mwenyewe: bei ile ile, usafiri juu yako, pesa kwanza, na boti ikirudi lije cherehani.